Kwanza Mradi, Ndipo Tuzo: Ushauri kwa Wapiga Picha za Sanaa wa Mbeya na Iringa

Upigaji picha za sanaa hutofautiana na upigaji picha wa harusi, kipaimara au pasipoti kwa jambo moja kubwa: hakuna mteja aliyeagiza. Mpiga picha mwenyewe ndiye huamua kitu gani kipigwe, kwa muda gani na kwa nini. Mbeya na Iringa, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, wengi wanaoingia kwenye sanaa hii wametokea studioni na kwenye kumbi za sherehe, na hilo si kasoro hata kidogo. Malick Sidibé wa Mali alijenga jina kwa picha za studio na za vijana waliokuwa wakicheza dansi usiku mjini Bamako. Mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote, akiwa mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Chipukizi wa Nyanda za Juu Kusini hakosi kipaji wala mada. Kinachomkwamisha mara nyingi ni mpangilio wa kazi. Anaona tangazo la shindano kwenye simu zikiwa zimebaki siku mbili, anapekua memori kadi, anatuma picha tatu zisizohusiana, kisha anasubiri jibu lisilokuja. Njia yenye manufaa huenda kinyume cha hapo: mradi kwanza, kisha maonyesho mbele ya watu wanaohusika nao, ndipo mashindano. Picha zilizokwisha kukaa ukutani Iringa au Tukuyu na kusemwa na wenyeji huwafikia majaji zikiwa zimekomaa.

Mradi ni mfululizo wa picha unaofuatilia jambo moja hadi mpiga picha alijue kuliko mpita njia. Hapa ndipo mazingira mazuri yanapoweza kuwa mtego. Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, nguzo za udongo za Isimila na maua ya Kitulo yamekwisha kupigwa mara nyingi mno, na picha moja nzuri zaidi ya maua haiongezi kitu. Kitulo hiyohiyo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina habari ambayo kalenda haziionyeshi: viazi vya okidi vilichimbwa kwenye nyanda hizo kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Anayefuata njia ya kiazi kile, kutoka mikononi mwa wachimbaji hadi sokoni upande wa pili wa mpaka, ana mradi. Anayepiga ua likiwa limechanua ana kadi ya salamu.

Mada za namna hiyo zimejaa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na wako wazee wa Mbeya na Makambako waliofanya kazi kwenye ujenzi wake. Misonobari ya Sao Hill wilayani Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, huingia kwenye nyumba za Watanzania kama mbao za paa bila mtu kuuliza zilikatwa na nani. Mashamba ya chai, machimbo ya dhahabu ya Chunya, kilimo cha mpunga Usangu na biashara ya viazi Uyole vyote ni vya kupigwa kwa miezi, si kwa wikiendi.

Mfano mmoja unafaa kutazamwa kwa karibu. Kando ya Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, liko soko la vyungu la Lyulilo. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe na vijiji vya jirani huvifinyanga kwa mkono, kisha huvileta sokoni kwa mitumbwi. Mpiga picha mgeni hupiga rundo la vyungu ufukweni na milima ya Livingstone nyuma yake, akaondoka. Mwenye mradi huanza mapema zaidi na kumaliza mbali zaidi: mahali udongo unapochimbwa, kidole gumba kinacholainisha mdomo wa chungu kabla hakijakauka, moto wa kuchomea, majani yanayotandikwa kati ya chungu na chungu ili visigongane majini, mkono wa mnunuzi anayegonga chungu kwa ukucha asikilize kama kina ufa, na mwisho chungu hichohicho kikichemsha maharage jikoni Mwanjelwa. Picha kumi na mbili za namna hiyo husimama bila maelezo mengi. Kuzipata huhitaji kurudi mara kadhaa, na kila safari kumpelekea mama aliyepigwa nakala yake ya karatasi. Nakala hiyo hufungua milango kuliko barua yoyote ya utambulisho.

Hali ya hewa ya nyanda hizi ina masharti yake. Mvua huja kwa msimu mmoja mrefu, takribani Novemba hadi Aprili, na Rungwe hupata nyingi zaidi. Septemba na Oktoba moshi wa kuchoma mashamba na nyika hufunika milima, hivyo mandhari ya mbali hupoteza makali. Kipindi hicho kinafaa zaidi kwa picha za watu na za ndani. Juni na Julai baridi ya Makete na Kitulo humaliza betri haraka, na betri ya akiba hutunzwa mfukoni karibu na mwili. Kamera inayotoka kwenye baridi hiyo na kuingizwa moja kwa moja jikoni kwenye moto hupata ukungu ndani ya lenzi. Dawa yake ni kuifunga kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia na kuiacha humo hadi ipate joto la chumba. Unyevu wa Tukuyu huotesha kuvu kwenye vioo. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikiwekwa pamoja na lenzi kwenye kopo linalofunga vizuri, husaidia sana.

Kukosa kamera kubwa si sababu ya kungoja. Picha ya simu yenye pikseli milioni 12, yaani 4,000 kwa 3,000, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa ukubwa wa takribani sentimita 34 kwa 25, na huo unatosha kabisa kwa ukuta wa chumba. Kinachoharibu ni kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza sehemu kubwa ya taarifa zake. Itumwe kama dokumenti, au ihamishwe kwa waya. Mwenye kamera inayohifadhi faili ghafi azihifadhi zote, kwani mashindano makubwa huzidai ili kuthibitisha kwamba picha haikuchezewa.

Uchaguzi wa picha ndio kazi ngumu kuliko zote, na wengi huikimbia. Mamia ya picha hupunguzwa hadi arobaini, kisha hadi kumi na tano au ishirini. Njia bora ni kuzisafisha zote arobaini kwa ukubwa mdogo, kuzitandaza sakafuni na kuzihamishahamisha kwa siku kadhaa. Picha mbili zinazosema jambo moja haziwezi kubaki zote, hata kama moja ilipatikana kwa taabu ya kupanda mlima usiku. Mtazamaji haoni taabu, huona picha. Inafaa kumwita mtu asiyekuwapo wakati wa kupiga, mwalimu, fundi au mpiga picha mwingine, aeleze anachokiona bila kusaidiwa. Akikosea kuelewa, picha ndiyo iliyokosea.

Kisha huja maandishi, nayo yasidharauliwe. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta, bingwa wa studio mjini Bamako, zilionyeshwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani. Alikuwa hai, nyumbani kwake, na hasi zake zimetunzwa. Jina halikusafiri na picha. Kwa hiyo kila faili ibebe ndani yake jina la mpiga picha, mahali, mwezi na mwaka, na anwani ya kumpata. Programu nyingi za kuhariri zina sehemu ya kuandika hayo. Kila picha iwe na maelezo ya sentensi mbili yanayosema nani, wapi, lini na kinachofanyika. Mfululizo mzima uwe na maelezo ya maneno kama mia na hamsini, yakianza na jambo lenyewe badala ya kuanza na hisia za msanii. Yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo mwandishi anaimudu, ndipo yatafsiriwe na mtu anayejua.

Maonyesho ya kwanza yafanyike nyumbani. Iringa ina bahati ya kuwa na Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililogeuzwa makumbusho na kituo cha utamaduni mwaka 2016, na Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, yenye mkahawa ambamo wageni na wenyeji hukutana. Mahali kama hapa huombwa kwa barua fupi iliyoambatanishwa na picha tano na tarehe mbili za kuchagua. Mbeya mpiga picha hulazimika zaidi kuazima kuta: ukumbi wa chuo, maktaba ya mkoa, mkahawa, hata ofisi ya kijiji. Fursa isiyotumiwa ipasavyo ni viwanja vya John Mwakangale, ambako maonyesho ya Nane Nane ya kanda hufanyika kila Agosti. Umati unaopita pale ni mkubwa kuliko watazamaji wa jumba lolote la sanaa nchini, na wengi wao ni wakulima wenyewe. Mfululizo kuhusu chai au mpunga ukiwekwa kwenye banda la halmashauri au la chama cha ushirika utapata wakosoaji wanaoijua mada. Anayetaka Dar es Salaam afuatilie matangazo ya Nafasi Art Space ya Mikocheni, inayofanya kazi tangu 2008, pamoja na Alliance Française na Goethe-Institut.

Kuchapa hugharimu, kwa hiyo majaribio yafanywe kwa vipande vidogo kwanza. Kioo cha kompyuta au simu hutoa mwanga chenyewe. Karatasi haina mwanga, na picha iliyoonekana safi kwenye kioo hutoka nzito na nyeusi. Ngozi nyeusi ndiyo huumia zaidi: uso wa mchuma chai chini ya kofia hugeuka doa. Kabla ya kulipia picha nzima, kipande cha uso huo chenye upana wa kiganja kichapwe mara tatu kwa viwango tofauti vya mwanga, vikatazamwe nje na ndani, ndipo kimoja kichaguliwe. Maduka ya mabango yana mashine kubwa na bei nafuu, lakini plastiki yao inayong'aa hurudisha mwanga wa dirisha machoni. Mpiga picha aombe karatasi isiyong'aa ibandikwe kwenye ubao mwepesi. Fremu zichongwe na fundi seremala wa mtaani kwa mbao za msonobari zilizokauka vizuri, kwa kuwa mbao mbichi hupinda ndani ya mwezi na kuvuta picha.

Katikati ya kila picha iwe kwenye kimo cha takribani sentimita 150 kutoka sakafuni, na nafasi kati ya picha ilingane. Maelezo ya Kiswahili yaandikwe kwa herufi zinazosomeka kwa hatua mbili. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi anakubalika, ni desturi, ila waliopigwa picha wakae mbele na walipiwe nauli. Daftari la wageni lisikosekane, lenye nafasi ya jina, simu na maoni: ndiyo orodha ya kwanza ya watu watakaoarifiwa mradi ujao. Bei zipangwe kabla. Hesabu ya haki hujumlisha kuchapa, fremu, nauli na muda, na idadi ya nakala itajwe na iheshimiwe. Aliyeuza nakala ya tatu kati ya tano hawezi kesho kuchapa ya sita kwa ukubwa uleule. Kwa upande wa taratibu, msanii hujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kumwendea kwanza kuuliza kibali cha maonyesho.

Baada ya hapo mashindano yana maana. Yanatofautiana sana, na chipukizi hana budi kuchagua machache yanayolingana na kazi yake. World Press Photo, iliyoanza mwaka 1955 na makao yake Amsterdam, ni ya picha za habari na za kumbukumbu. Haina kiingilio, na tangu 2022 kazi za Afrika hushindanishwa kwanza kikanda. Sony World Photography Awards nayo haina kiingilio na inapokea kazi za kisanaa, zikiwamo za wanafunzi na vijana. Wildlife Photographer of the Year ya makumbusho ya Natural History, London, inawahusu wanaopiga Ruaha na Kitulo. Karibu zaidi, Uganda Press Photo Award ilianza Kampala mwaka 2012 na baadaye ikawafungulia mlango wapiga picha wa nchi jirani kwa tuzo ya Afrika Mashariki. Matamasha hayatoi tuzo pekee, bali huita kazi za kuonyeshwa: Bamako tangu 1994, LagosPhoto na Addis Foto Fest tangu 2010, hili la mwisho likiwa limeanzishwa na mpiga picha Aida Muluneh.

Masharti husomwa yote kabla ya picha kuchaguliwa. Kuna mambo ambayo yakionekana ni heri kuachana na shindano: kiingilio kwa kila picha bila majina ya majaji, kutokuwa na washindi wa miaka iliyopita wanaoonekana, na kifungu kinachompa mwandaaji haki ya kutumia picha zote zilizotumwa, za washindi na za walioshindwa, kwa matangazo yoyote bila kikomo. Shindano la namna hiyo ni njia ya kukusanya picha za bure. Kuomba haki ya kutumia picha za washindi kutangaza shindano lenyewe ni jambo la kawaida. Picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba hukataliwa na mashindano ya habari, na hata kufuta waya wa umeme kwenye anga la Mafinga kunaweza kumfukuzisha mshiriki. Mashindano ya Sony na World Press Photo kwa kawaida hufunga Januari, wakati mvua, sherehe na kukatika kwa umeme vinapokutana. Uchaguzi uanze Novemba na faili zitumwe kabla ya Krismasi. Pasipoti ya kusafiria nayo iombwe mapema. Kuiomba mwaliko ukiwa umeshafika ni kuchelewa.

Haki zina pande mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha tangu picha inapopigwa, na kusajili kazi kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, humpa ushahidi pale gazeti au kampuni inapoitumia bila ruhusa. Upande wa pili ni wa anayepigwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaufanya uso unaomtambulisha mtu kuwa jambo la kuombewa idhini. Idhini isiombwe kwa Kiingereza cha karatasi. Irekodiwe kwenye simu kwa lugha ya mhusika, Kinyakyusa, Kihehe au Kisafwa, ikitaja wazi kwamba picha inaweza kuonekana ukutani, kwenye mashindano na nje ya nchi. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayesema. Picha za kibiashara ndani ya hifadhi ya taifa huhitaji kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, droni huhitaji ruhusa kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na maeneo ya jeshi hayapigwi.

Kutangaza kazi mpya ni sehemu ya kazi, nayo huharibiwa na wingi. Orodha ya watu hamsini, wahariri, walimu, waliowahi kununua, wasimamizi wa kumbi na waliosaini daftari la wageni, ina thamani kuliko maelfu ya wafuasi wasiofahamika. Wapelekewe ujumbe mara tatu au nne kwa mwaka, kunapokuwa na jambo: picha moja, sentensi tatu, tarehe, mahali na namba ya simu. Redio za mkoani, kama Ebony FM ya Iringa, hukaribisha habari za wenyeji, na mama mfinyanzi akizungumza mwenyewe hewani huleta watu wengi kuliko bango. Mitandaoni zitoke picha mbili au tatu tu za mfululizo. Zingine zibaki kwa ajili ya ukuta na kwa mashindano yanayotaka kazi isiyochapishwa. Matokeo yasemwe jinsi yalivyo. Aliyeingia kwenye orodha ya awali hakushinda, na mratibu wa maonyesho anaweza kulithibitisha hilo kwa dakika moja.

Linabaki suala la kuhifadhi. Diski moja huungua au huibwa, hivyo nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Na seti moja ya picha zilizochapwa, pamoja na majina na maelezo yake, ikabidhiwe maktaba ya mkoa au Boma la Iringa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na picha nyingi walizopiga wamisionari wao huko Unyakyusa zimetunzwa Herrnhut, Ujerumani. Leo zinatazamwa bure kwenye hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Mjukuu wa waliopigwa mle anazipata kutoka Marekani kwa njia ya intaneti. Wapiga picha wa sasa wa Mbeya na Iringa waanze mwaka huu kukabidhi seti hizo, ili za kizazi hiki zipatikane hapahapa.